Sura ya Sita: Chungu Kilichorudishwa

"Vumbi la chuma liko ndani ya ghala, afande. Nje ya mlango hakuna hata chembe."

Inspekta Ludovick Kavishe alikuwa ameshayasema maneno hayo mara mbili, na mara zote mbili Mrakibu Ephraimu, mkuu wake wa upelelezi, aliendelea kumenya karanga. Maganda aliyarundika juu ya jalada la kesi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kufuli halikukatwa likiwa mlangoni. Mtu alifungua kwa ufunguo, akaingia, akakaa chini kwa raha zake, akalikata kwa msumeno likiwa mkononi. Halafu akalitupa nje ili tulione. Mwizi mwenye ufunguo hahitaji msumeno. Anayehitaji msumeno ni mwenye ufunguo anayetaka tudhani ni mwizi."

"Upepo," alisema Ephraimu. "Upepo umeingiza vumbi ndani."

"Ukafagia na nje?"

"Kavishe, usinichoshe. Kijana yupo. Alitishia mbele ya umati. Pikipiki yake ilionekana Kikatiti jioni ileile. Kesho asubuhi anapanda kizimbani, na mlinzi akifa mashtaka yanageuka kuwa ya mauaji. Unataka nini kingine?"

"Mitungi ile inajaza Fuso. Yeye ana bodaboda."

"Alikuwa na wenzake."

"Wako wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi yako, siyo kunisomea vumbi."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ebenezer Urio alikuwa anagombea ubunge, na tangu kampeni zianze alikuwa na wimbo mmoja tu: gesi ya baharini ichimbwe, ichimbwe sasa, ili bei ya mtungi ishuke. Alikusanya mitungi mipya kwenye ghala la mdogo wake Hans, wakala mkubwa wa gesi pale Kikatiti, akatangaza kwamba atawagawia akina mama. Kabla hajagawa hata mmoja, ghala likakutwa tupu, na mlinzi, Lemomo, akakutwa amelala mlangoni fuvu limepasuka. Siku chache nyuma, kwenye mkutano, dereva wa bodaboda wa Sombetini aitwaye Sakaya alikuwa amepaza sauti: "Kabla hujaenda kuchimba bahari, chimba kwanza ghala la mdogo wako! Usipotoa hiyo mitungi tutakuja kuitoa wenyewe!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa Sakaya alikuwa mahabusu, na waliocheka wote walikuwa wamesahau kwamba walicheka.

Ludovick alimkuta ameegemea ukuta wa mahabusu, viatu havina kamba.

"Nieleze tena. Kikatiti ulifuata nini?"

"Abiria, afande. Mama mmoja na kuku wake. Nimeshasema. Mnamtafuta?"

"Tunamtafuta."

"Kwa miguu au kwa mdomo?"

Ludovick aliimeza hiyo. "Na ule mdomo wako mkutanoni, ulikuwa wa nini?"

"Mke wangu alizunguka na mtungi mtupu maduka yote, kila duka linasema mzigo haujaja. Tukarudia kuni za mabanzi, mtoto anakohoa. Halafu nasimama pale namsikia mtu anasema gesi ipo, imelala chini ya bahari. Wewe usingesema?" Akakivuta kiatu kilichokuwa kinamvuka. "Yule mlinzi akifa, nanyongwa?"

Ludovick hakujibu.

"Haya," alisema Sakaya. "Nimejibiwa."

*

Njiani kwenda Kikatiti, Koplo Nashipae ndiye aliyeendesha. Ludovick alikaa kando akitafuna kucha, kwa sababu tegemeo lake la mwisho halikuwa kitu cha kuandika kwenye jalada. Lilikuwa chungu.

Ebenezer mwenyewe ndiye aliyekiomba. Siku ile ya wizi alisimama barabarani, machozi yanamtoka, akawataka wazee wa ukoo wavunje chungu. Kwa Wameru hilo si jambo la mchezo. Wazee wakishakivunja kwa maneno yanayostahili, aliyetenda uovu huvunjika kama kile chungu, na kizazi chake pamoja naye. Kwao Ludovick, Rombo, jambo hilo lipo pia. Alikuwa amewahi kuona ng'ombe wa wizi wakirudishwa usiku na mchana, na wezi wakija kulia kwa wazee kabla siku haijafika. Polisi hawapendi kukiri, lakini chungu kimefunga kesi nyingi kuliko mbwa wao wa kunusa.

Siku ya kuvunja ilitangazwa. Siku ikafika. Watu wakajaa. Mshili, kiongozi wa ukoo, akatoka na kusema nendeni nyumbani.

Mshili huyo, Mzee Mbise, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Moshi. Walimkuta akipima waya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Inspekta. Umekuja kununua misumari au maneno? Misumari ninauza."

"Nataka kujua chungu kimeishia wapi."

"Kimerudishwa."

"Kimerudishwa na nani?"

"Na mwenye haki ya kukirudisha."

"Aliyekiomba ni Ebenezer. Ni yeye?"

"Mali ni ya nyumba ile. Nyumba imesema basi." Mzee Mbise alikata waya, akaukunja taratibu. "Aliyeibiwa akisema basi, mimi nani nimlazimishe kuumia?"

"Walitoa sababu gani?"

"Inspekta, mimi nauza mabati. Sababu ni neno la mahakamani."

"Mzee, kuna kijana anaweza kunyongwa."

"Kijana wa wapi?"

"Sombetini."

"Huko sina ukoo." Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua ukali. "Usinitazame hivyo. Mtu akija kwa mshili kusema lake, na mshili akaenda kulimwaga polisi, kesho nani atakuja? Mtabaki na vumbi lenu."

Hata habari za vumbi zilikuwa zimemfikia. Ludovick alitoka nje akaipiga teke tairi ya gari. Nashipae alikuwa nyuma ya duka, anamtazama kondoo dume aliyefungwa kwenye mfuko wa saruji, akila majani ya kabichi.

"Twende," Ludovick alisema. "Hujawahi kuona kondoo?"

*

Ebenezer alikuwa nyumbani kwake Kimandolu, uani, vijana wakipakia spika kubwa kwenye gari la kampeni. Alimpokea Ludovick kwa mikono miwili.

"Inspekta! Nasikia kesho mnampeleka mahakamani. Hongereni."

"Bado nina maswali, mheshimiwa mtarajiwa."

"Uliza. Mimi sina kificho."

"Mitungi iliadimika sokoni wiki nyingi kabla ya wizi. Bei ikapanda. Hans alikuwa anawaambia wateja mzigo haujaja, na ghala lake limejaa."

"Ile ilikuwa ya zawadi. Hainunuliwi."

"Kwa nini haikugawiwa mapema?"

"Ilikuwa inasubiri siku ya mkutano mkubwa."

"Na kila bei ilipopanda, mkutano wako ulijaa zaidi."

Tabasamu la Ebenezer halikuondoka, ila lilikakamaa. "Sikiliza, ndugu yangu. Msitu wa mlima tumekatazwa kukata kuni. Sawa. Mkaa tunaambiwa ni mbaya. Sawa. Sasa mwanamke wa Kikatiti apikie nini? Hotuba? Gesi ipo chini ya bahari yetu, ni yetu, na kuna watu wanasema tusubiri, tufikirie, tukae tena mezani. Hao wanaosema tusubiri hawajawahi kupuliza moto wa mabanzi mabichi. Mimi mama yangu alipofuka jicho moja kwa moshi. Nasema tuchimbe sasa! Na mtungi lazima ushuke bei!"

Vijana wa spika waliacha kazi wakapiga makofi. Ludovick alisubiri wamalize. Jambo baya zaidi ni kwamba aliona yule mtu anayaamini maneno yake.

"Mke wangu atakupigia kura," alisema. "Mimi niambie nani amerudisha chungu."

Ebenezer alitazama simu yake, ingawa haikuwa imelia.

"Mama. Mama ni mtu wa kanisa, unajua. Mchungaji hapendi mambo ya vyungu."

"Siku unakiomba hukumkumbuka mchungaji?"

"Nilikuwa na hasira."

"Na sasa?"

"Sasa nina mkutano."

Ludovick alirudi garini akaubamiza mlango. Maelezo yalikuwa yanaingia akilini. Walutheri wangapi wamekataa chungu kwa sababu ya imani? Wengi tu. Mama yake mwenyewe, Mkatoliki wa sala za asubuhi, asingekanyaga penye chungu. Njia ilikuwa imefungwa tena, na safari hii imefungwa na Mungu.

Nashipae aliwasha gari. "Afande, mtu akikataa chungu kwa sababu ya kanisa, anapeleka nini kwa mshili?"

"Hapeleki kitu. Anampeleka mchungaji."

"Basi yule kondoo ni wa nani? Mshili hana zizi, hana hata majani. Alikuwa anamlisha kabichi za sokoni."

"Atakuwa amenunua wa sikukuu."

"Na kumfunga jani shingoni? Jani refu la kijani, lile mnalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yenu ya migomba. Nikadhani pambo."

Ludovick aligeuka mwili mzima kitini. "Lilifungwa fundo?"

"Fundo moja. Limekaza."

"Simamisha gari."

"Hapa kwenye kona?"

"Simamisha!"

Lilikuwa isale. Mchaga hafundishwi jani hilo, anazaliwa analijua, na Mmeru vilevile. Ukilipokea limefungwa fundo, mtu amepiga magoti mbele yako hata kama hujamwona. Mtu anayerudisha chungu kwa ajili ya imani yake hapeleki isale. Isale haliombi jambo liachwe. Linaomba msamaha. Na nani anayeomba msamaha kwa wizi, kama si nyumba ya mwizi?

"Nyumba ile imejiibia," Ludovick alisema. "Na mama anajua."

*

Bibi Ndeshi, mama yao Ebenezer na Hans, aliishi juu kidogo ya barabara kuu, kwenye migomba, mahali unapouona Mlima Meru mzima mawingu yakitoka. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, na hakuacha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ebenezer alinipigia simu. Alisema utakuja na utakuwa umenuna."

"Kondoo aliye kwa mshili ni wako?"

"Nimempa shemeji yangu. Siku hizi ni kosa?"

"Akiwa na isale?"

Vidole vilisimama juu ya maharage, kisha vikaendelea. "Migomba ina masale mengi. Kondoo hula chochote."

"Bibi, hakulila. Lilikuwa fundo, shingoni."

"Wewe ni wa wapi?"

"Rombo."

"Mama yako yu hai?"

"Yupo."

"Mwambie Ndeshi anamsalimu. Mwambie amelea mtoto anayeingia nyumba za watu kuhesabu kondoo." Alimwaga maharage mabovu miguuni pake. "Andika kwamba mimi ni mzee wa kanisa, nimekataa upagani. Hujasoma? Andika."

Ludovick alimpigia Ephraimu simu akiwa bado kwenye migomba, akamweleza yote bila kupumua. Upande wa pili kikasikika kicheko.

"Unataka nimpandishe kondoo kizimbani? Atakula kiapo gani, cha Biblia au cha Kurani?"

"Nataka hati ya kupekua nyumba za Hans."

"Kwa ushahidi wa jani?"

"Na vumbi."

"Kavishe, kaka yake kesho kutwa ni mbunge. Rudi kituoni."

Simu ikakatika. Ludovick aliitazama kama mtu anayefikiria kuitupa mtoni. Alikuwa anajua nani ameiba, anajua nani anajua, na hakuwa na kitu hata kimoja mkononi. Mshili hasemi. Mama hasemi. Mgombea anasema mno, lakini ya baharini.

"Turudi?" Nashipae aliuliza.

"Tupite hospitali."

Lemomo alikuwa bado hajazinduka. Mkewe, Nosim, Mwarusha wa Oldonyosambu, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, shuka jekundu la mumewe amelikunja mapajani. Alimtazama Ludovick jinsi watu wanavyomtazama fundi aliyekuja bila vifaa.

"Mmemkamata aliyempiga?"

"Tumemkamata mtu. Sidhani ndiye."

"Basi kwa nini mnamshikilia?"

Ludovick alichuchumaa mbele ya benchi. Inspekta wa polisi hana ruhusa ya kumtuma mtu kwenye chungu, wala hakumtuma. Alimweleza tu mambo yalivyo, kama ilivyo haki ya mke wa majeruhi. Kwamba chungu kiliombwa. Kwamba wenye mali wamekirudisha. Kwamba mshili amekubali, na kwa ukoo ule jambo limekwisha.

Nosim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya muuguzi atoe kichwa mlangoni.

"Wamekirudisha cha mitungi. Na mume wangu je? Yeye ni mtungi?"

"Mama, mimi nimekueleza tu."

"Damu hii wamemlipa nani? Kondoo wao amekwenda kwa nani? Kwa muuza mabati!" Alisimama, akamkabidhi Nashipae lile shuka. Wakasemezana Kimaa, haraka, na Nashipae akaitikia kwa kichwa. "Kaa naye mpaka dada yangu aje. Wazee wa kwetu nao wana chungu chao. Na hawana shemeji Kikatiti."

Aliondoka bila kuaga. Ludovick aliketi palepale alipokuwa ameketi yeye.

"Amesema nini?"

"Amesema wewe ni mwoga, lakini una masikio," Nashipae alijibu. "Nimemwambia ni kweli."

*

Asubuhi gari la mahakamani lilikuwa uani, injini inanguruma. Sakaya alitolewa amefungwa pingu, macho mekundu, akapandishwa nyuma. Ludovick alikuwa ameomba siku moja zaidi, akanyimwa. Alikuwa ameomba nusu siku, akaambiwa anaharibu kazi yake mwenyewe. Ephraimu alisimama mlangoni na jalada kwapani, akitafuna karanga, akihakikisha kwamba gari linaondoka.

Ndipo Bibi Ndeshi alipoingia getini. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, na alikuwa anamvuta mtu kwa mkono wa shati. Mtu mwenyewe alikuwa Hans, wakala wa gesi, mwenye tumbo na viatu vizuri, anavutwa kama mbuzi wa mnadani.

Bibi hakumsalimia Ephraimu. Alimsukuma mwanawe mpaka mbele ya Ludovick.

"Sema."

"Ni mimi," Hans alisema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Lemomo alitukuta tunapakia. Aliniuliza tunaipeleka wapi, akasema atamwambia mkewe kwamba tunaihamisha. Nilimsukuma. Hakuanguka. Nikampiga kwa spana ya mtungi."

"Kufuli?"

"Nililikata mimi. Ndani, watu wasisikie."

"Mitungi iko wapi?"

"Kwenye zizi la zamani, karibu na Usa. Tuliifunika kwa majani."

Ephraimu alikuwa ameacha kutafuna. Dereva wa gari la mahakama, bila kuambiwa na mtu, alizima injini.

"Nani alikwambia uifiche?" Ludovick aliuliza.

Hans alifungua mdomo. Bibi Ndeshi alimwekea kiganja begani, taratibu, na mdomo ukafungika.

"Hans. Nani alitaka mitungi iadimike? Wewe hugombei kitu. Nani alikuwa anaihitaji bei ipande?"

Hans alitazama viatu vyake.

"Usimuulize huyo," Bibi Ndeshi alisema. "Niulize mimi. Jana jioni nilisikia mke wa mlinzi amekwenda kwao kuomba chungu. Nimelala Oldonyosambu kwenye ukumbi wa watu, nimebembeleza wazee wasionijua, kwa lugha nisiyoijua. Yule mwanamke hataki ng'ombe wangu. Ametaka mkono uliompiga mumewe uletwe polisi, kweupe, ndipo chungu chao kisivunjwe. Mkono ndio huu. Nimeuleta."

"Mkono haukujituma, bibi."

"Najua."

"Basi?"

Alimtazama kwa lile jicho lake moja, na Ludovick akaona kwamba hapo hakuna nguvu ya polisi, wala ya wazee, wala ya mchungaji, itakayopita.

"Nilizaa wawili," alisema. "Huyu nimekupa. Yule mwingine simtoi."

Ludovick alirudia swali. Alilirudia tena, akainua sauti, akapiga bodi la gari kwa kiganja mpaka askari wa kaunta wakatoka kuangalia. Hans alilia, lakini hakusema. Ephraimu alikohoa, akasema hayo mengine yasubiri, kwanza watu waende Usa wakahakikishe mitungi, na mambo ya uchaguzi yasiguswe bila maelekezo kutoka juu. Alikuwa ameshaanza kulikumbatia jalada kama mtoto wake.

Ludovick alipanda nyuma ya gari, akamfungua Sakaya. Kijana alishuka akisugua vifundo vya mikono, akasimama akiwatazama wote, hajui kama aende au asubiri kuitwa tena. Pingu zilezile, zikiwa bado na joto la ngozi yake, ndizo Ludovick alizomfunga Hans.

Bibi Ndeshi alimnyoosha mwanawe kola ya shati, akampangusa shavu kwa ncha ya kitenge. Kisha akamgeukia Nashipae, mwanamke pekee pale uani.

"Mwanangu, hebu niambie. Mkutano wa Ebenezer leo ni saa ngapi? Wasiponiona nimekaa mbele, watauliza."